Nimemjibu Daktari "Nzuri"

Jumatano. Upepo wa Dodoma leo umeamka na ugomvi wake, vumbi mpaka kwenye meno. Mimi nimeamka na hofu, na ninayo mpaka sasa nikiandika hapa kwenye kafe ya intaneti, mguu nimeuficha chini ya meza.

Kwa asiyejua: miezi minane iliyopita nilipanda juu ya bati kugeuza antena ya televisheni. Wifi yangu Semeni alikuwa ndani anapiga kelele, "Bado chenga! Geuza tena!" Nikageuza, nikateleza, nikatua kwa miguu. Kisigino cha kulia kikavunjika. Wakanipasua, wakaweka vyuma, mfupa ukaunga. Alhamdulillahi.

Lakini kidole gumba cha mguu huo kimeanza kujikunja.

Mimi ni fundi cherehani, tena cherehani ya kukanyaga, nayo ndiyo iliyonionyesha. Nikibonyeza pedeli kwa vidole, kidole kimenyooka, hakina kosa. Nikibonyeza kwa kisigino, kinajikunja chenyewe na kukwaruza chuma. Kinyooke, hakitaki. Ncha yake imeota sugu, inauma. Nikaanza kuvaa soksi. Mimi, soksi, kwenye joto hili!

Leo nilikuwa kliniki. Nimelala kitandani, soksi nimevua, unyayo umelegea, kidole kimenyooka vizuri tu. Daktari akatazama kovu la kisigino, akauliza, "Habari ya mguu, mama?"

Nikajibu, "Nzuri, daktari."

Jamani! Si ndivyo tunavyojibu? Hata msibani mtu huanza na nzuri, ndipo alete "ila". Mimi "ila" yangu ilikuwa bado mdomoni, mwenzangu ameshaandika, amefunga faili, ameita mwingine.

Nilikuwa mlangoni navaa kandambili, dada wa mazoezi ya viungo wa hapo kliniki akaona kidole kinavyogoma kuingia. Akanikalisha. Akausukuma unyayo juu, kidole kikajikunja. Akaushusha, kikanyooka. Akarudia mara tatu. Kisha akanieleza: mshipa unaovuta kidole hupita karibu na kisigino, na wangu umenasa kwenye kovu la ndani. Huenda wakafungua tena waulegeze. Nikiuacha, kidole kitakomaa hivyo hivyo. Akasema nirudi kesho asubuhi nimwambie daktari mwenyewe, maana yupo mpaka saa sita tu, halafu anasafiri.

Kupasuliwa tena. Nakumbuka ile sindano ya ganzi ya mgongoni, miguu yangu ikawa kama ya mtu mwingine, huku nawasikia wanagonga mfupa.

Naogopa. Naogopa sana.

Na niseme ukweli, maana Semeni hasomi mambo ya intaneti. Ile "nzuri" haikuwa adabu peke yake. Nafasi ya kusema ilikuwepo. Kalamu ilikuwa bado inatembea, mimi nikatazama dari. Moyoni nilijua kwamba aliyesema mzima hapasuliwi. Wateja wangu wa kupunguza mitumba wameshaanza kwenda kwingine. Nikilala tena miezi, nitabaki na nani? Lakini nikikiacha hiki kidole, cherehani nitaikanyagaje?

Kabla ya kuja hapa nimempitia Semeni kwenye duka lake la khanga, nikamwomba anisindikize kesho. Akacheka kwanza. "Wewe unayeshinda na sindano, leo unaogopa sindano?" Akaniangalia usoni, akaacha kucheka, akaanza kutafuta khanga ya kuvaa asubuhi.

Nimempa ruhusa ambayo sijawahi kumpa mtu. Nikinyamaza mbele ya daktari, anivue soksi, aseme yeye.