Mbegu kwenye soksi

Jumatano, Swakopmund, Namibia

Upepo wa huku unaniudhi. Mchanga hadi masikioni.

Leo kaka Masanja, anayefanya kazi huku, alitupeleka baharini. Mama akafanya kama afanyavyo ziwani kwetu Pasiansi, Mwanza: akachota maji kwa kiganja, akasukutua. Akatema palepale. Nilicheka, akaninunia.

Kisha akatazama jangwa lililofika hadi majini. "Maji yote haya, hata mchicha hakuna! Mwanangu, utarudi lini?"

Kaka akainama. "Mama, nimesaini mkataba mwingine. Miaka mitano."

Niliogopa Mama atalia. Tulipofika kwa kaka akafungua begi, akatoa mbegu za mchicha alizozifunga kwenye soksi tangu Mwanza.

"Masanja, una beseni lililotoboka?"