Nilimwandika Mama Mnuno, Sasa Ananiita Kwake

Mama Mshauri, shikamoo, na unisamehe kwa kukuandikia mbio mbio, ila Jumamosi inakuja na mimi mwanao sina pa kushika.

Mimi ni mpiga picha wa harusi, kazi naijua na wateja wananisifu, lakini kamera huzipa picha majina ya herufi na tarakimu tupu, na ukirudi na picha elfu mbili za watu usiowajua lazima uwape majina ya kwako ili uweze kuzipanga, kwa hiyo mwezi uliopita, baada ya harusi ya familia moja kubwa, nikakaa kwenye kompyuta nikaanza, mjomba aliyeshika sahani katika kila picha nikamwandika mjomba-sahani, shangazi aliyejipenyeza mbele ya maharusi kila walipopigwa picha nikamwandika shangazi-kiherehere, na mama wa bibi harusi, ambaye tangu asubuhi hadi ukumbi unafungwa hakutoa hata tabasamu, nikamwandika mama-mnuno, nikijua nitayabadilisha yote kabla ya kumkabidhi mteja kama ninavyofanya siku zote.

Mama, sikubadilisha. Ninazo folda mbili, moja ya kufanyia kazi na moja ya mteja, na siku ile umeme unakatika-katika, bwana harusi anapiga simu kila mara, nikapakia kwenye flashi folda isiyo yenyewe, nikampa, nikaenda zangu kula. Jioni akanipigia akicheka hadi hasikiki, akaniambia wameichomeka flashi kwenye televisheni ya sebuleni, ukoo mzima umekaa, na majina yanapita chini ya kila picha kwa maandishi makubwa, na mjomba sasa hata watoto wanamwita Sahani.

Hilo ningelimeza. Lakini bibi harusi ana mdogo wake, yule wa gauni la kijani, ambaye stendi yangu ya taa ilipovunjika alinishikia taa bila kuombwa na akanikumbusha kunywa maji, na kwa kuwa sikujua jina lake mikono yangu ikaandika mke-wangu-01, mke-wangu-02, hivyo hivyo hadi sitini, na hizo nazo zimepita kwenye televisheni, baba yake akiwa kiti cha mbele. Mama, nampenda, na sijawahi kumwambia chochote zaidi ya "inua taa kidogo."

Kesho yake akanipigia mama-mnuno mwenyewe. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Kijana, mimi sikununa," akasema. "Viatu vilikuwa vinanibana."

Kisha akaniambia nifike nyumbani kwao Jumamosi saa nne na flashi yenye majina ya heshima, akakata simu. Binti naye amenitumia ujumbe mmoja tu: "Mbona umeruka kutoka thelathini na sita hadi thelathini na nane?" Sijamjibu, maana thelathini na saba niliihamishia kwenye simu yangu, ndiyo ninayoiona kila nikiiwasha, na nitaanzaje kusema hivyo wakati familia yake inataka kuniweka kikaangoni. Niende, au nitume mtu na flashi nijifanye mgonjwa?

Mpiga picha aliyeishiwa pozi

Mpiga picha,

Nimecheka, sikufichi. Sasa nikuseme. Watu wamekukaribisha kwenye siku yao, wamekulisha, nawe ukaketi ukiwaandikia vijembe na kuwakabidhi wenyewe. Jina la faili ni la mteja, si la kujifurahisha wewe. Harusi ya mwanangu nilipewa picha za tarakimu tupu, nikafungua moja moja siku nzima nikimtafuta mama yangu, ambaye hatunaye tena. Nilipompata nililia. Yule mpiga picha angeandika "bibi" tu, ningekuwa namwombea mpaka leo.

Kwa hiyo kaa chini leo hii uandike upya. Tangulia na mwaka, mwezi, siku, ili picha zijipange zenyewe, halafu familia, halafu nani huyo kwa maharusi, mwisho namba. Mjomba aandikwe mjomba, na sahani ibaki ndani ya picha. Ile folda ya kazi iite "usimpe mteja", ikutishe kila ukiigusa. Na huyo mama mtafutie picha aliyopigwa akiwa amekaa, maana anayebanwa na viatu hucheka akikaa. Ichapishe, itie kwenye fremu, itangulie mlangoni kabla yako.

Kuhusu binti, hapo akili yako imeganda kabisa. Mtu mwenye hasira hahesabu picha. Huyu amezipitia zote kwa mpangilio, ameona moja haipo, ametafuta namba yako, amekuuliza ilipo, nawe badala ya kumjibu unaniandikia mimi. Na mama yake angetaka kukugombeza angemalizana nawe kwenye simu, asingekupangia saa.

Nenda kwa miguu yako, na ole wako uugue Jumamosi. Hiyo thelathini na saba mpelekee mkononi na umwambie ilikuwa wapi. Ila usiipe jina kwanza. Nimesoma barua yako mara mbili, nimeona gauni, nimeona taa, nimeona maji ya kunywa. Umemwandika mke wako mara sitini, na hujamuuliza anaitwa nani hata mara moja. Anza na hapo.