Siku Nne Kabla ya Januari

Jumapili, 12 Februari 2006

Harish kapiga simu naunga mchuzi. Uwanja wa barafu unafungwa mwisho wa Aprili, watajenga fleti. Na ligi ndiyo basi! Misimu kumi na mitatu ya magongo ya barafuni, watoto wa London magharibi, imekwisha kwa simu ya dakika nne. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoka mazikoni. Yeye mwenyekiti, mie karani, tangu siku ya kwanza. Mhindi wa Kisumu na Mpemba – hata kusimama juu ya barafu hatuwezi!

Anataka niandike historia ya ligi, msimu kwa msimu, isomwe kwenye karamu ya kuagana tarehe 8 Aprili. Na kila nahodha aliyekaa na kombe alilete, lipigwe picha, kisha liwe lake moja kwa moja. Madaftari yote ninayo mimi, chini ya kitanda. Nikasema ndiyo. Nilivyorudi jikoni mchuzi umeshika chini.

Jumanne, 14 Februari

1993/94. Timu nne: Hayes, Neasden, Southall, Uxbridge. Bingwa Southall.

Nimeandika hivyo, nikakaa nacheka peke yangu. Tulikuwa na miaka miwili tu nchi hii. Mwalimu wa Msabaha akaniita: mwanao anapigana kila siku, mtafutie kitu cha kumchosha. Uwanja ulikuwa vituo vitatu vya basi kutoka kwetu. Nikakaa kwenye benchi, blanketi juu ya buibui, meno yanagongana, nikawa naandika magoli kwenye daftari ili baridi isiniue. Nani kafunga, dakika ya ngapi, nani katolewa nje. Papo hapo, mchezo ukiendelea. Siku moja waamuzi wakagombana juu ya magoli – mie ninayo. Harish akaliona daftari. Siku ile ile nikawa karani.

Mwanangu akaacha kupigana shuleni. Akawa anapigana barafuni, kwa sheria.

Ijumaa, 24 Februari

94/95: Uxbridge. Mtambo wa baridi uliharibika, wiki tano watoto walifanya mazoezi kwenye maegesho ya magari. 95/96: Southall tena. 96/97: hakuna bingwa, mechi ya mwisho ilivunjika. Hawakupigana watoto, walipigana baba zao! 97/98: Neasden.

Neasden ilikuwa timu ya Zéphyrin. Mkongo wa Bukavu, anafanya usafi uwanja wa ndege. Alikuwa akifundisha amevaa buti za mvua, kapiga magoti pembeni, sauti imemkauka. Golikipa wake alikuwa mwanawe wa kumzaa, Exaucé. Magoli kumi na tisa tu msimu mzima! Hakuna aliyewahi kufungwa machache kuliko hayo, kabla wala baada.

Kesho 98/99. Sitaki kesho ifike.

Jumamosi, 4 Machi

Siku nane nalizunguka daftari moja. Basi niandike hapa kwanza, pasiposomwa na mtu.

Mwisho wa umri kwenye ligi yetu ni miaka kumi na sita. Msimu ule, aliyezaliwa kabla ya 1 Januari 1983 haruhusiwi. Sasa, watoto wetu waliokuja kuomba hifadhi, nusu yao wamezaliwa 1 Januari. Ukikosa cheti cha kuzaliwa, afisa wa uhamiaji anakuuliza mwaka, siku anaandika yeye: 1 Januari. Mimi hivyo. Msabaha hivyo, 1983. Exaucé hivyo hivyo, 1983. Sikukuu ya taifa zima la wasio na vyeti.

Katikati ya msimu wazazi wa Uxbridge wakalalamika kuwa baadhi yao wamepita umri. Nikatunga kanuni ya saba, mimi, kwa mkono wangu: kila mtoto wa 1 Januari alete karatasi ya pili ikiwa anayo, na karatasi kongwe ndiyo itakayofuatwa. Kamati yote ikapiga makofi.

Zéphyrin akaja na kadi ya ubatizo, imefungwa kwenye nailoni. Alikuja nayo kwa fahari. Karatasi ya kanisa, nani ataibishia? Nikaisoma mara tatu. Exaucé kazaliwa 23 Desemba 1982. Siku tisa. Yule bwana akanitazama, akasema polepole, "Mama Msabaha, njo siku tisa tu." Nikamjibu sheria ni sheria, hata ingekuwa siku moja. Wallahi nilisema hivyo, na kalamu mkononi.

Neasden wakanyang'anywa pointi za kila mechi aliyodaka Exaucé. Walikuwa wa kwanza, wakawa wa mwisho. Kombe likaja Hayes, nahodha wao Msabaha wangu. Exaucé aliacha viatu vyake vya barafu kwenye benchi, hakuvirudia. Vipo mpaka leo kwenye kabati la ofisi. Msimu uliofuata Neasden haikujiandikisha, na haikujiandikisha tena.

Kwenye historia nimeandika: "1998/99, bingwa Hayes." Imekaa kavu, lakini si uongo.

Jumatano, 15 Machi

Msabaha kaja na Ghalia. Mjukuu wangu ana miaka mitano, Kiswahili anakisikia chote, anajibu Kiingereza. Akauliza vipi bibi na baba wamezaliwa siku moja. Babake akacheka, akamwambia serikali ilitupa kwa jumla. Nikasema hapana, babako kazaliwa usiku wa Maulidi, nasikia dufu huku nimeng'ang'ania kitanda.

Nikamtolea msahafu wa marehemu baba. Ndani ya jalada kaandika vizazi vyote vya nyumba yetu, kwa wino, kwa herufi za Kiarabu. Nikamsomea kwa kidole: Msabaha, mwezi 12 Mfungo Sita, mwaka 1403. Ghalia akataka tarehe yake ya kawaida. Nikamwambia mwaka ni 1983, maana 1400 ilikuwa 1980, kwetu ndivyo tulivyokuwa tukihesabu, na ndivyo nilivyomwambia afisa. Siku sijui. Nimemwahidi nitaitafuta kazini kwenye kompyuta.

Nikaurudisha msahafu juu ya kabati.  

Alhamisi, 16 Machi

28 Desemba 1982.

Siku nne.

Ijumaa, 17 Machi

Nimeangalia mara ya pili, na ya tatu, kwenye programu nyengine. Ile ile. Mwaka 1403 ulianza Oktoba ya 82, nani alijua! Nikajaribu kuusukuma mwezi. Labda Pemba ulichelewa kuonekana. Siku moja: 29. Siku mbili: 30. Mwezi hauchelewi siku nne, hata Pemba.

Karatasi kongwe ndiyo itakayofuatwa.

Kanuni ilipopita, mwaka ule wa 99, nilimjazia fomu mwanangu mwenyewe. Pale penye "karatasi ya pili" nikaandika: hana. Msahafu haukunijia kichwani. Ni kitabu cha Mungu, si karatasi! Au ulinijia nikaufukuza? Sikumbuki. Ya Rabbi, sikumbuki, na hilo ndilo linalonitisha. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jumapili, 19 Machi

Nimekwenda Neasden kwa Harish. Alikuwa ametoka hekaluni, bado na alama ya ibada usoni. Nikamweleza yote. Kanisikiliza chai ikapoa.

"Wacha hiyo maneno, mama," kasema. "Hiyo kitabu ni ya Mungu, si ya ligi."

Halafu akaniuliza kuhusu pasipoti ya Msabaha. Nataka watu wa uhamiaji waanze kumuuliza maswali? Kwa siku nne? Nimeogopa. Na kwenye basi la kurudi nikajigundua nimefurahi kuogopa, maana nimepata sababu ya kunyamaza. Nimejichukia mpaka Southall.

Jumatatu, 27 Machi

Basi la asubuhi la kwenda kazini Hayes. Nani kakaa mbele yangu? Zéphyrin! Mvi tupu. Kanipisha kiti, kanisalimia kama dada yake. Kaalikwa karamuni, Harish kamwita, Exaucé naye. Ana ombi moja: kwenye historia niandike zile idadi za Exaucé, magoli kumi na tisa. Hata kwa maandishi madogo.

Nikamuuliza kijana hajambo. Anafunga mizigo uwanja wa ndege. Barafu hataki kuisikia. Na babake haongei naye vizuri tangu siku ile. Hakunikasirikia mie! Kamkasirikia babake, aliyebeba kadi mwenyewe akaileta. Mwaka wa saba huu.

Akasema, anatazama dirishani, "Mi nilileta ile karatasi juu nilifikiri kweli inasaidia mutu."

Mdomo nikaufungua. Naapa niliufungua. Kikafika kituo chake, akashuka, akanipungia mkono.

Jumamosi, 1 Aprili

Nimemwambia Msabaha. Kwanza kauliza kama ni mzaha wa Siku ya Wajinga. Nikamwonesha msahafu, nikamwonesha tarehe niliyoichapisha. Akaligeukia kombe. Kombe lipo juu ya televisheni yake, Ghalia kalivika utepe. Kazi mbili zimemtoka mwaka huu, sasa anaendesha gari la kupeleka vifurushi vya watu. Najua. Mama yake mimi, najua.

Nikamwambia nataka kusoma msimu ule mwenyewe, mbele ya watu. Nikamwambia hana kosa, kosa langu. Akaanza Kiingereza, halafu akarudi kwenye Kiswahili, ili kisinipite.

"Mama, maishani mwangu nimeshinda kitu kimoja tu."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Kasema nisimtazamie tarehe 8. Ghalia alikuwa mlangoni. Nimeteremka ngazi nimeshika ukuta.

Jumatano, 5 Aprili

Nimemaliza misimu iliyobaki. 1999 mpaka 2003: timu tatu. Baadaye mbili, Hayes na Southall wanachezana wao kwa wao mpaka wamechokana. Msimu huu watoto thelathini na mmoja kwa jumla. Nikilitazama jedwali naona pale ligi ilipovunjika. Ni 98/99. Ligi haikuuliwa na fleti. Niliiua mimi na kanuni ya saba.

Ukurasa wa 98/99 nimeuandika. Nimeuchana. Nimeuandika tena.

Alhamisi, 6 Aprili

Nimempigia Msabaha mara tatu. Hapokei.

Harish nimemwambia asome yote, ule mmoja aniachie. Kakubali bila kukubali. Kasema hatanizuia, ila nifikirie kijana. Nimekuwa nikifikiri nini wiki tatu hizi!

Jumamosi, 8 Aprili

Karamu ni pale pale uwanjani, kwenye ukumbi wa juu wa vioo. Chini barafu imelainishwa kwa mara ya mwisho, hakuna atakayeteleza juu yake. Naandika hapa mezani, daftari mapajani. Nikiandika natulia. Kama zamani – papo hapo, mchezo ukiendelea.

Saa kumi na moja. Watu kama themanini. Sambusa za Harish, wali, keki. Makombe yamepangwa mezani, kumi na moja. Msimu wa 96/97 haukuwa na kombe. La 98/99 halipo. Watu wameona, hawaulizi.

Zéphyrin kaja na suti. Exaucé kaja naye! Mrefu, ndevu. Wamekaa meza moja, viti viwili katikati yao vitupu. Nimekwenda ofisini, nimevitoa vile viatu kabatini. Viko chini ya kiti changu. Sijui vya nini. Vimekuwa vidogo kwake zamani.

Msahafu umo mkobani, umefungwa kwenye mtandio safi. Ukurasa wangu umo mfukoni. Mistari minane. Magoli kumi na tisa ya 97/98 nimeyaandika humo pia, kwa maandishi makubwa.

Harish kaanza kusoma. 93/94. Makofi. 94/95, kicheko kidogo kwa ule mtambo wa baridi.

Mlango umefunguka. Msabaha. Kamshika Ghalia mkono, mkono mwengine kabeba mfuko wa plastiki, kitu kizito ndani. Hakunitazama. Kasimama nyuma, karibu na makoti.

95/96. 96/97. Wazazi wenyewe wanacheka, waliopigana.

97/98. Neasden. Harish kataja jina la Exaucé, watu wamegeuka, wamepiga makofi marefu. Exaucé anatazama meza. Babake kamtazama yeye.

Harish kashusha karatasi. Kavua miwani. Kasema msimu unaofuata utasomwa na Bi Mardhiya. Wote wananitazama mie. 

Msabaha anasogea. Kamwacha Ghalia kwenye makoti, anakuja peke yake katikati ya meza, mfuko kaukumbatia. Njia ya kuja kwangu na njia ya kwenda kwa Zéphyrin ni moja mpaka kwenye nguzo. Pale ndipo zinapoachana: kwangu anizuie, kwa Zéphyrin ampe kombe. Nimesimama, kalamu bado mkononi, naandika nimesimama.

Amefika kwenye nguzo –