Salamu Zilizofungua Lango

Jumatano, Mazimbu. Mawingu yameilalia milima ya Uluguru tangu asubuhi, nami ninaogopa.

Niliandike hili bila mapambo, mimi niliyezoea mapambo. Juzi, kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa, lango la maji tulilolitengeneza sisi wanafunzi lilifunguka lenyewe. Bi Mwanaidi, mmoja wa wakulima, alikuwa ndani ya mfereji mkavu, aking'oa magugu. Maji yalimfika kifuani kabla hajavutwa juu. Yuko salama. Jembe lake halijaonekana.

Chanzo nimekigundua leo. Lango hupokea amri kwa ujumbe wa simu, neno moja tu: funga, au fungua. Kiendeshi, yaani programu inayoupokea ujumbe huo na kuizungusha mota, kilitengewa nafasi ya herufi chache, wala hakikupima urefu wa kinachoingia. Mzee Kobelo, mlinzi wa lango, hakutuma neno moja. Alianza kama mtu aliyelelewa: habari za asubuhi, poleni na masomo, huku hatujambo, naomba lifungwe vizuri, watu wamo mferejini. Salamu zikajaa, zikafurika, zikaandika juu ya kumbukumbu ya jirani, pale inapokaa amri ya lango, nayo ikageuka kuwa fungua.

Adabu ikamwaga maji.

Na ikiwa salamu njema zimeweza hivyo, mwenye nia mbaya atashindwa nini?

Neema, mwenzangu wa maabara, alishauri tumwambie mzee aache salamu. Nikakataa. Ni mara ngapi nimesimama jukwaani nikidai kwamba mashine imtumikie mkulima, si mkulima aitumikie mashine?

"Basi kiandikie kiendeshi kipimo, komredi," akasema. "Ukimaliza, jiwekee na wewe. Hotuba zako nazo hufurika."

Nilicheka. Kisha nikarudi kwenye kiendeshi.

Nimeipanua nafasi, na kiendeshi sasa hupima kabla ya kupokea. Kinachozidi hukikataa, na lango halitikisiki. Nimekitumia salamu za ukoo mzima, kikastahimili. Lakini mezani pa maabara hapana maji, wala hapana mtu aliyeinama.

Kesho wakulima wanarudi kusafisha mfereji. Jioni hii Bi Mwanaidi amenipigia: "Mwanangu, safari hii halifunguki?"

Nikasema halifunguki. Jukwaani sijawahi kutamka neno zito kama hilo.

Kesho nitashuka mferejini kabla yao, peke yangu, miguu ndani ya tope. Kisha nitamwomba Mzee Kobelo alisalimie lango kwa kirefu.