Povu Kwenye Matawi

3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila roho iko juu juu. Chumba ninachosafisha hapa kituoni kina vyura wadogo wanaoishi mitini, wanaofugwa ili wazaliane. Mmoja anaenea kwenye kijiko na nafasi inabaki. Miezi mitatu hawajataga. Mkuu wa kituo amesema wasipotaga hadi mwisho wa mwezi chumba kinafungwa, nami nitarudi nyumbani. Na mwenzangu wa zamu ya jioni ananitia aibu: asubuhi nakuta povu la sabuni kwenye matawi, juu ya beseni za maji. Nasugua mpaka panang'aa. Mtoto wa dobi haachi povu.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unanikumbusha umri. Sasa nisikilize. Nimefua nguo za watu miaka thelathini. Povu la sabuni halilali. Asubuhi limeshakuwa maji. Hilo lako si sabuni. Acha kumsema mwenzio, na acha kusugua. Kisha nenda kwa mkuu umwambie mwenyewe. Najua unaogopa. Nenda hivyo hivyo.

Mama

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kimya, nilikuwa nasubiri niwe na la kusema.

Nilimwambia. Nikajua kazi imekwisha. Kisha akasema povu ndilo kiota chao: chura jike hulipiga kwa miguu na kuficha mayai ndani. Mkuu hufika saa tatu, mimi nimeshasafisha, kwa hiyo hakuwahi kuliona. Miezi mitatu nimeua watoto kwa brashi. Nililia, Mama.

Povu lililofuata tuliliacha. Siku ya tano viluwiluwi wakaanza kudondoka majini, mmoja mmoja. Chumba hakifungwi. Mwenzangu nimemwomba radhi, akacheka.

Mkuu aliuliza nani alinifumbua macho, nikakutaja. Anaomba umweleze kwa nini povu la sabuni halidumu. Asante, Mama. Mkate wangu umeuokoa wewe.

Mwanao

9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo mgongo sijausikia kabisa.

Mwambie mkuu kwamba povu la sabuni lina maji mengi, yakichuruzika linapasuka; povu zito lenye maji machache hukaa zaidi. Labda chura wake hana haraka ya kusuuza.

Barua yako nimemsomea jirani, kisha mteja, naye akasubiri nguo zake bila kununa. Miaka yote hii watu wameniuliza swali moja tu: zitakuwa tayari lini. Ungeweza kusema umegundua mwenyewe, na nani angejua? Ukanitaja. Nashukuru, mwanangu. Nashukuru sana.

Mama