Nilimpokea Mzigo

Jumamosi, 3 Julai 1999

Mafunzo tena mjini, ukumbi ule ule wa karibu na hospitali ya Mawenzi. Chai ya maziwa, andazi gumu. Tumebaki sita wa kwenda Uswidi kwenye ziara ya vijana na haki za wanawake. Leo tumerudia igizo. Mimi ndiye mke anayepigwa, na kila ninachosema kinaishia na neno moja: sirudi. Dada Happy, anayetufundisha, anataka nilitoe kifuani, siyo puani. Nimelitoa mpaka sauti imekauka. Halafu nikapanda kurudi kwetu Uru na manyunyu yale ya Julai, viatu tope tupu.

Nyumbani nikamkuta dada Siska jikoni. Mtoto mgongoni, mfuko wa rambo miguuni, jicho la kushoto limevimba hadi limefumba. Mara ya tatu hii anamkimbia mumewe. Shemeji Valeri akilewa hana mwingine wa kumwonea.

Niliona aibu kumwambia nilikotoka.

Jumatatu, 5 Julai

Kahawa zimeiva. Tumechuma mama, Siska na mimi. Siska anatumia mkono mmoja, ule mwingine haunyanyuki vizuri. Kaniuliza huko Uswidi mwanamke akipigwa anakimbilia wapi. Nikamwaga yote niliyofundishwa: kuna nyumba maalumu, kuna polisi anayeandika maelezo. Akacheka. Yeye polisi alimwambia akayamalize na wazee.

Jioni baba kanishangaza. Baba yangu, mtu wa kunyamaza, amesema hapokei mtu wala kitu kutoka kwa akina Valeri mpaka Valeri aje mwenyewe, asimame mbele yake, aseme alichofanya. Mama akajifuta macho kwa kanga. Siska akainama kwenye chungu.

Nina furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 8 Julai

Pasipoti imetoka. Kwenye picha nafanana na mwizi wa kuku. Siska kaicheka hadi akashika ubavu unaouma. Jicho limeanza kufunguka.

Jumamosi, 10 Julai

Kila mmoja wetu atawasimulia wenyeji wetu wa Uswidi kisa kimoja cha kweli. Nikamweleza Dada Happy habari za Siska, hasa msimamo wa baba. Akasema hicho hicho, niende nacho. Nimekubali haraka. Nilijiona mtu muhimu. Sijamwambia Siska.

Jumanne, 13 Julai



Asubuhi baba na mama walishuka na kahawa kwa yule mnunuzi mpya wa barabarani anayelipa papo hapo. Siska yuko mferejini anafua. Mimi nakoboa kahawa. Nikamwona mama mkwe wa Siska anapanda njia ya kihamba, shamba letu la nyumbani, kikapu kichwani, anahema. Nyuma yake mzee mmoja wa ukoo wao.

Nilikumbuka neno la baba. Lakini miguu ilishatoka. Mtu mzima anapanda mlima na mzigo, mimi nimesimama namtazama? Sikulelewa hivyo. Nikakimbia, nikasema shikamoo, nikampokea mzigo kwa mikono miwili.

"Marahaba. Aika, asante mwanangu. Umepokea?"

"Nimepokea, mama."

Akamgeukia yule mzee. Mzee akaitikia kwa kichwa, amesikia. Nikadhani sasa wataomba maji ya kunywa. Wakageuka, wakashuka.

Jikoni nikafunua jani la mgomba. Ndizi. Katikati ya ndizi, isale, limefungwa fundo.

Ni jani tu. Limejaa kwenye mipaka ya vihamba vyote hapa Uru, mbuzi wanalipita. Lakini ukifungiwa fundo ukaletewa, unaombwa msamaha. Na ukishalipokea, umesamehe. Hilo mtoto wa darasa la kwanza analijua. Nililijua. Sikuliona!

Baba alipofika nikamwambia nilimpokea mzigo tu, sikupokea isale. Akakaa kwenye kigoda, kofia bado kichwani.

"Mkono ni wa nyumba hii," akasema.

Hakunigombeza. Nilitamani anipige.

Jumatano, 14 Julai

Baba mkubwa amekuja na wazee wawili. Wamesema isale likishapokelewa halirudishwi. Shahidi yupo, neno lipo. Anayelirudisha anaitafutia laana nyumba nzima, na mtoto wa Siska ni mdogo. Baba alijaribu. Alisema wamemvizia binti. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo.

Nikasema kumpokea mtu mzima mzigo siyo kupokea msamaha. Nikasema kifuani, kama nilivyofundishwa. Baba mkubwa akanitazama kwa upole kabisa. "Wewe unakwenda Ulaya, mwanangu. Ya huku tuachie sisi."

Siska alikuwa nyuma ya mlango. Hakuna aliyemuuliza. Hata mimi sikumuuliza.

Ijumaa, 16 Julai

Siska ameondoka, amerudi kwa mumewe. Valeri hakuja, alimtuma mdogo wake. Siska alifua nepi kwanza, akazikunja zikiwa mbichi. Mama akamfungia maziwa. Baba alikuwa migombani, anakata majani makavu ambayo hayakuhitaji kukatwa leo.

Siska hakunilaumu. Angenitukana ningepumua.

Jumamosi, 17 Julai

Nimesema sirudi. Ukumbi mzima umepiga makofi, eti leo ndiyo nimeigiza kweli.

Baadaye nikamweleza Dada Happy yote. Akanishika bega. Akasema sheria ipo, wanasheria wapo, ila Siska aje mwenyewe alalamike. Nikamwambia Siska hawezi kuja, haachwi hata aende sokoni peke yake. Akasema pole. Namchukia. Hapana, simchukii. Hana la kufanya, na mimi sina.

Jumatano, 21 Julai

Mama ameninunulia sweta la mtumba, zito, la bluu. Nimemwambia sitaki kwenda. Akasema nisiongeze msiba mwingine humu ndani. Nikalivaa. Sweta linanitosha.

Jumapili, 25 Julai

Baada ya misa nilikwenda kumuaga Siska. Naondoka keshokutwa.

Valeri alikuwepo. Kanikaribisha vizuri, kanitania nimletee saa. Nikacheka. Nilicheka kweli, mdomo ulifunguka wenyewe. Halafu akatoka kwenda kuzungumza na jirani pale nje, tukawa tunamsikia.

Siska anaonekana mzima. Amevaa mikono mirefu. Tulimenya ndizi za kupika machalari, mtoto akichezea maganda. Nilikuwa nimepanga mengi ya kusema njia nzima. Nikasema ndizi hizi ni nzuri.

Akasogea karibu, akasema polepole, macho kwenye kisu.

"Ukifika huko, usinitaje."

Sijui nani alimwambia habari za kile kisa. Nikasema sitakutaja. Akaniongezea ndizi kwenye beseni langu, tukaendelea kumenya.