Misa Yako Haijaimbwa

Mwalimu wangu Marcel,

Huu ni mwezi wa tano tangu tukuzike, na bado nikipita mbele ya nyumba yako hapa Elisabethville natega sikio kama mjinga, nikidhani nitasikia piano. Askari wa Katanga ndio wanaokaa humo sasa. Juu ya piano wameweka sufuria. Ungewafokea, na ulivyokuwa mkali!

Nimekukumbuka, Mwalimu. Nimekukumbuka mpaka nakasirika.

Padri aliniomba niandike maisha yako yasomwe kwenye ibada ya kumbukumbu. Nikaandika kwamba ulizaliwa Ufaransa, katika mji wa makaa ya mawe, ukasomea muziki Paris. Kwamba muziki wako wa fidla nne ulizomewa na ukumbi mzima, akabaki mama yako peke yake akipiga makofi. Nikaandika vile vipande vya piano ulivyotunga huku, ulipokuja kumtembelea kaka yako kwa mwezi mmoja ukakaa miaka kumi na minne. Na Misa, kazi yako ya mwisho, uliyoitungia kwaya yetu nikainakili mimi.

Lakini ningeandikaje siku ile uliponichania karatasi kwa sababu juu ya mistari ya sauti nzito niliandika "besi" tu? Ulisema, "Mutoto, usiandike sauti. Andika jina ya muntu." Kila mstari uliutunga kwa koo la mtu unayemjua. Mistari ya sauti za chini yote ilikuwa ya Kabeya na wenzake, watu wa Kasai.

Hawapo tena mtaani. Katanga ilipojitenga walifukuzwa majumbani mwao kwa kuwa ni wa Kasai, wako kambini, wanalala chini ya maturubai. Mimi wa Kambove, huku huku Katanga, hakuna aliyenigusa. Kiongozi mpya wa kwaya akaniagiza nifute majina yao, karatasi wapewe wengine, Misa iimbwe kwenye kumbukumbu yako. Nilitamani sana kuisikia. Nikachukua wembe, nikaukwangua wino jinsi ulivyonifundisha, na jina la Kabeya likatoka. La pili mkono ulikataa.

Jumapili nilizibeba karatasi hadi kambini. Nilimwonyesha Kabeya nilichofanya. Aliitazama ile karatasi, kisha akawaita wenzake. Alisema, "Tutaimba ya kwetu tu. Ya benzetu tutaihesabu."

Wakaimba, Mwalimu. Ilipofika zamu yetu sisi wa sauti za juu walinyamaza, wakihesabu kwa vidole, hawakuruka hata pigo moja. Ningeweza kuingia na sauti yangu. Nikahesabu nao kwa vidole.

Kwenye kumbukumbu yako tuliimba nyimbo za kawaida. Unisamehe.

Pumzika sasa. Karatasi za juu ziko kwangu, za chini nimemwachia Kabeya. Yeyote atakayetaka kuiimba bila Kabeya na wenzake, nitamkatalia, hata akiwa Padri. Siku tutakapokaa wote benchi moja tukaiimba nzima, nitakuja kaburini kukuambia. Nisipokuja, ujue bado tunahesabu.

Mwanafunzi wako,
Albertine